Watu Niliowavuta kwa Kamba

Machimboni, karibu na Katoro,
Geita.
Jumapili mchana.

Dada yangu Milembe,

Shikamoo dada. Nakusalimu nikiwa nimekalia kiroba cha mawe, maana kiti kilichokuwa hapa kimeondoka na mwenyewe. Hujambo? Shemeji hajambo? Watoto wanakwenda shule au bado wanajificha nyuma ya ghala kama nilivyokuwa najificha mimi? Mpunga umefunga vizuri? Michembe, ile ya viazi vikavu mliyonitumia, ilifika, tukaila yote mimi na wenzangu, wabeja sana. Na Mama je, kifua chake kinaendeleaje? Hilo ndilo ninalotaka kulijua kuliko yote, na ndilo lililonifanya nitafute karatasi.

Najua utashangaa kupata barua wakati simu ninayo. Lakini wewe dada ukipokea simu unaiweka spika, na Mama akisikia sauti yangu anasogeza kigoda. Maneno haya ni yako peke yako. Nampa dereva wa fuso anayepeleka mbao Shinyanga, nimemwambia akukabidhi mkononi pale dukani kwako Tinde. Ukimaliza kusoma, ichome jikoni. Mwandiko wangu uuvumilie, unajua niliishia darasa la tano, na mkono wangu umezoea sururu kuliko kalamu.

Uliniuliza kwenye simu kama ugonjwa huku unapanda au unashuka. Ukasema Lubinza wa kwa jirani amerudi nyumbani na amewaambia wazee kwamba Geita corona imekwisha, kwa hiyo wazee hawaoni sababu ya kuwachelewesha watu wa Didia kuleta ng'ombe wa mahari ya mdogo wetu Kabula. Nikakujibu, "Umepungua," halafu nikasingizia chaji nikakata. Sikukudanganya. Huku umepungua kweli. Lakini nataka ujue umepungua namna gani, kisha nikuombe jambo.

Redioni hawatoi hesabu siku nyingi sasa. Mtu akitaka kujua hali, kila mmoja anaangalia kwake. Katoro sokoni wanaangalia malimao na tangawizi. Vikiadimika, ujue nyungu zinachemka majumbani na watu wanajifukiza. Wengine wanamwangalia seremala, kama mbao zake zimelala au zinaondoka. Mimi nilikuwa naangalia kamba.

Unajua tangu nivunjike mguu nafanya kazi ya juu. Nashika winchi kwenye mdomo wa duara, yaani shimo tunalochimba. Watu wanateremka na kupanda kwa ngazi za miti zilizopigiliwa ukutani, na mawe yanapanda kwa kamba ndani ya viroba. Mtu hapandi kwa kamba. Hakuna aliyekataza, ni aibu tu. Mwanamume akivutwa kama kiroba atachekwa mpaka kwenye duara la jirani.

Wa kwanza alikuwa Jumanne, mtu wa Kigoma, mwenye mgongo kama wa maksai. Siku hiyo nikasikia sauti yake kutoka chini.

"Masanja! Teremsha kamba!"

"Kiroba kimejaa tayari?"

"Teremsha tu. Napanda mimi."

Waliokuwa juu wakaangua kicheko. Mmoja akasema, "Vuta taratibu, mzigo usije ukamwagika!" Mwingine akasema, "Upime kwanza, huenda una dhahabu!" Nikamvuta. Alipofika mdomoni alikaa chini, akashika magoti, akawa anatafuta hewa kama mtu aliyekimbizwa na fisi. Kicheko kikaisha chenyewe.

Bosi Mhoja, mwenye duara, akaja akamwangalia. Akasema, "Hewa hiyo. Hewa imechafuka chini." Na sisi sote tukakubali, dada, maana kwetu mtu akikosa pumzi jambo la kwanza ni hewa ya duara. Hewa mbaya imeua watu wengi wazima huku, wanalala chini kama waliosinzia. Kukohoa hakukutushtua. Kila mtu huku anakohoa vumbi la mwamba, asiyekohoa ndiye mgeni. Tukateremsha mshumaa tuone kama utazimika. Uliwaka vizuri mpaka chini kabisa. Nikamwambia bosi, "Mshumaa haujazimika." Akanijibu, "Mshumaa hauna mapafu, Masanja."

Basi akanunua bomba jipya la hewa na feni kubwa, tukakesha tukilifunga. Na maziwa. Huku mtu akivuta hewa mbaya anapewa maziwa yamwoshe kifua. Kila aliyetoka chini alipokelewa na kopo la maziwa, kopo hilo hilo moja, linatoka mdomo huu linaingia mdomo ule, na mwenye kukosa pumzi tunamzunguka tukimpepea, vichwa vyetu juu ya kichwa chake. Tulikuwa tunafanya wema. Nakwambia hivyo usije ukatuona wajinga. Feni jipya lilivuma mchana kutwa, na watu wakazidi kuomba kamba.

Aliyetufumbua macho ni Mama Neema, aliyekuwa anatupikia. Yule mama hakuwahi hata siku moja kusogelea duara. Alikuwa anasema shimo ni kaburi lenye ngazi, chakula anakiacha pale kwenye karasha, mashine ya kusagia mawe, sisi tunakifuata. Siku hiyo alileta wali na maharage, akaweka sufuria chini, akakaa kando yake. Hajawahi kukaa, daima alikuwa na haraka na maneno mengi. Bosi akamtania, "Mama Neema, hewa ya duara imekufuata mpaka jikoni? Mpeni maziwa na yeye."

Akatutazama mmoja mmoja. Akasema kwa vipande, "Mimi... nimeingia... duara gani?"

Jumanne alikuwa ameshika lile kopo, akaliweka chini polepole kama limemuunguza.

Mama Neema alifia hospitali. Tuliambiwa ni changamoto ya upumuaji, ndilo jina linalotumika sasa, na waliokwenda kuzika walisema huko makaburini wachimba kaburi wenyewe walikuwa wamechoka. Neema wake yuko kwa bibi yake. Chakula sasa tunajipikia, ugali mbichi kila siku.

Baada ya hapo ndipo tulipoweka ndoo ya maji na sabuni, kila mtu akawa na kikombe chake. Na ndipo watu walipoanza kuniuliza, kila tukifunga kazi, "Masanja, leo umevuta wangapi?" Maana niliowavuta nilikuwa nawajua mimi. Nikisema wengi, watu wanakula kila mmoja pembeni yake kama kuku wagonjwa. Nikisema wachache, wanasogeleana. Walinipa jina, wakaniita Waziri. "Mheshimiwa Waziri wa Kamba, toa taarifa!" Hata watu wa maduara mengine walikuwa wanamtuma mtu kuja kuniuliza kabla ya kuamua kama watakwenda mnadani. Nikawa nasimama nasema, na wananisikiliza kweli. Mimi wa darasa la tano.

Katikati ya hayo ugonjwa ukanipata na mimi. Sikukwambia kwa sababu ile ile ya spika. Niliteremka kwenda kufungua kiroba kilichonasa kwenye miti ya ukutani, na kupanda nikashindwa. Nilishika ngazi nikajiambia nipande moja tu, halafu moja nyingine. Mwisho nikapaza sauti niliyobaki nayo, nikavutwa kama wengine. Nililala hemani nikaona kila pumzi naiomba. Jumanne, aliyekuwa anapata nafuu, ndiye aliyekuwa ananifukizia nyungu na kunisukumia uji kwa fimbo chini ya turubai. Nimepona, dada, usilie. Lakini sijarudi nilivyokuwa. Nikitoka hemani kwenda kwenye winchi napumzika njiani. Winchi ni ya injini, kazi yangu ni breki tu, vinginevyo ningekuwa nimeshafukuzwa.

Niliporudi kazini kamba ilikuwa imeanza kupumzika. Siku moja wawili, siku nyingine mmoja. Halafu ikafika siku nikasimama nikasema, "Leo sijavuta mtu." Na kesho yake tena. Ungesikia kelele zake! Bosi Mhoja akachinja mbuzi. Watu walikumbatiana, ndoo ya maji ikapinduliwa ikawa kiti cha mchoma nyama. Na mimi nilifurahi kama wao. Hata kama ingekuwa Mungu ndiye amenipa ile taarifa niisome, nisingeisoma kwa sauti kubwa zaidi.

Siku zilizofuata nikawa nakaa pale mdomoni naangalia watu wakipanda ngazi. Wanapanda vizuri, kifua wazi, wengine wanaimba. Nikawaangalia nyuso. Nikaona wengi siwajui. Nikamuuliza mmoja, "Wewe umetoka wapi?" Akasema ametoka Kasulu, ameingia juzi. Mwingine wa Bariadi, naye mgeni. Nikaanza kuwatafuta niliowavuta. Yule mrefu yuko wapi? Amekwenda kwao Kahama. Na yule mwenye jino la fedha? Tabora, kwa mama yake. Na wale ndugu wawili? Bukombe. Mpaka Jumanne naye akafunga mzigo, pamoja na kile kiti chake, akarudi Kigoma.

Unaijua desturi ya huku. Mchimbaji akiugua haachwi augulie machimboni. Wenzake wanamchangia nauli, wanampakia kwenye basi, wanamwambia nenda kwenu ukale uji wa mama. Ni desturi nzuri, maana hakuna anayetaka kufia chini ya turubai. Kwa hiyo kila niliyemvuta, akipata nguvu kidogo za kukaa kwenye kiti, anaondoka. Anafika kwao anapokelewa, anashikwa mikono yote miwili, anakalishwa jikoni kwenye joto. Na nafasi yake huku anaichukua kijana mzima, anapanda ngazi akiimba, na mimi nasema ugonjwa umepungua.

Umepungua kwenye kamba yangu, dada. Tinde nani ana kamba?

Sasa Lubinza. Nilimvuta mimi mwenyewe, siku chache kabla ya ile ya mbuzi. Alikuwa hajapona vizuri alipoaga. Alikuja na begi begani, anatabasamu, unamjua hana baya na mtu. Akaniuliza, "Kaka Masanja, niwaambie nini nyumbani?" Nikamwambia, "Waambie huku kumetulia." Basi hayo aliyowaambia wazee ni maneno yangu. Hajawadanganya, asilaumiwe. Kama bado anakohoa, mpelekeeni uji mlangoni na maji ya kunawa, na mumwombe kwa upole asikae na wazee kwa sasa. Mkimfukuza kama mbwa ataondoka usiku, na ugonjwa utaanza upya kwa shangazi yake.

Lakini ninalokuomba zaidi ni hili la ng'ombe. Nimewaza siku ile itakavyokuwa. Watu wa Didia watakuja na wazee wao, na majirani wote, na waliorudi kutoka machimboni kama Lubinza, maana nani atakosa kuona ng'ombe? Watabishana zizini kutwa nzima, huyu mzee, huyu ana kwato mbaya, midomo karibu na midomo. Halafu watakula wote kwa mikono kwenye bakuli moja. Na Mama atakuwa wapi? Atakuwa jikoni na mama wa bwana harusi, ndani ya moshi, na pumu yake, anawakumbatia wageni wote wanaoingia. Hakuna mtu atakayemtoa pale. Mama kwa ngoma ya mtoto wake wa mwisho hatoki hata kwa mjeledi.

Mwenye nguvu kama Jumanne nilimvuta kama kiroba. Mama hana hata robo ya kifua cha Jumanne.

Ulisema umejaribu kuwaambia wazee wasubiri, wakacheka, wakasema corona ni ya watu wa mjini na wenye kulala kwenye feni. Kwa hiyo maneno hayatasaidia. Na Mama mwenyewe usimwambie ukweli, nakusihi. Nilipovunjika mguu unakumbuka alifanya nini. Alipanda lori la pamba na kuku wawili mkononi, akafika huku kabla sijafungwa plasta. Akisikia nilikosa pumzi, kesho yake yuko Katoro stendi anauliza njia ya machimboni. Nitakuwa nimemvuta mimi mwenyewe.

Ila kuna mlango mmoja umebaki. Tangu Baba afariki, wa kusimama mlangoni mwa zizi na kupokea ng'ombe ni mimi. Mimi siji. Najua Baba Mdogo amekwisha kujitayarisha kushika nafasi hiyo, na wazee wamekubali, ila Mama bado hajui. Sasa fanya hivi. Mwambie Mama kwamba nimepiga simu, nimesema kazi ni nyingi, sina muda wa ng'ombe, Baba Mdogo apokee badala yangu. Usiongeze neno na usinitetee.

Unajua Mama hajamsamehe Baba Mdogo wale maksai wetu wa plau aliowaswaga kwake siku ya kumaliza msiba wa Baba. Akisikia nimempa nafasi ya Baba, hatakula siku hiyo. Atafunga kitenge kiunoni na kwenda mwenyewe mbele ya wazee, atasema hakuna ng'ombe anayeingia kwenye zizi la marehemu mume wake kwa mkono wa mtu yule, na kama Masanja hana muda, watu wa Didia wasubiri mpaka awe nao. Mzee gani atampinga mjane kwenye zizi lake? Watanung'unika, lakini watasubiri. Miezi michache tu. Hapo katikati ugonjwa utakuwa umepita kwenu au umefika, na mtaujua.

Nimehesabu hasara yake. Watu wa Didia wanaweza kukasirika wakageuza ng'ombe wao. Kabula atalia, na akija kujua ni mimi, ataninunia mpaka uzeeni. Kama ningekuwa na njia nyingine ningeitumia. Nimekaa hapa juu ya kiroba tangu asubuhi naitafuta, sikuipata.

Na Mama atanisema. Atasema mwanangu amekwenda kula dhahabu, amesahau alikotoka, ameuza nafasi ya baba yake. Dhahabu yenyewe hata sijaiona msimu huu. Atasema mbele ya watu, na wewe utakuwepo unasikia, na moyo utakuuma utake kumwambia. Usimwambie. Mwache aseme mpaka achoke. Kugomba kunataka pumzi, na hiyo pumzi ndiyo ninayotaka abaki nayo.

Nisalimie shemeji, mwambie fuso likirudi anitumie dawa ya kupaka mguu, baridi ya asubuhi imeanza kuniuma. Wasalimie wajomba zangu, watoto wako wote, na yule mdogo ambaye sijamwona bado, mshike sikio kwa niaba yangu. Msalimie mzee katekista, mwombe atukumbuke Jumapili, asiulize kwa nini. Msalimie jirani yetu mama yake Lubinza, mwambie nilifurahi kuishi na mwanawe. Kabula msalimie kwa upole, mwambie kaka yake anampenda, basi, usieleze.

Kwa Mama usipeleke salamu zangu. Akikuuliza kama nimemsalimu, mwambie hapana.

Ni mimi mdogo wako, ninayepumua,
Masanja.